Mipira ya mvuke wa petroli kwenye pikapu za kabureta: maswali yanayoulizwa kila siku

Haya ni majibu kwa wenye pikapu za zamani za petroli zinazotumia kabureta, Hilux za injini ya 2Y, 3Y, 4Y na 22R, Datsun, Nissan 720, Peugeot 504, Land Cruiser za 2F na wenzao wa rika hilo. Mifano mingi nimeitoa kwenye Hilux ya 22R, ile injini ya cc 2,366 iliyoanza 1981, kwa sababu ndiyo yenye mipira mingi na ndiyo watu wanaisumbukia sana. Kama yako ni nyingine mambo ni yaleyale, ila vitu vimefungwa sehemu tofauti.

Hivi hii mipira yote kazi yake nini? Fundi kasema ni urembo tu, niing'oe.

Usiing'oe kwanza. Petroli haitulii, hata gari ikiwa imezimwa inatoa mvuke, na kwenye jua la Dar au Mombasa inatoa mwingi, sasa ule mvuke lazima uende mahali. Usipopewa njia unatafuta njia yake, kwenye kifuniko, kwenye mpira uliopasuka, kwenye kebini yako. Sehemu kubwa ya ile mipira myembamba ni ya kazi hiyo, mingine inapeleka vakyumu (mvuto wa hewa wa injini) kwenye valvu za kupunguza moshi mbaya, na michache ni ya advansi ya distributa (kuwahisha cheche za plagi), hiyo ukiing'oa gari inakuwa nzito mlimani halafu unalaumu plagi.

Historia yake fupi: California ndio walioanza kubana watu, mwanzoni mwa miaka ya 60 wakataka moshi wa ndani ya injini urudishwe uchomwe, halafu kwa magari ya 1970 wakataka na mvuke wa tangi uzuiwe, mwaka uliofuata Marekani nzima ikafuata. Japani nao wakakaza miaka ya 70. Ndiyo maana Hilux iliyotoka Japani kwa wenyewe ina utandu wa mipira na ile iliyouzwa mpya Afrika ina michache, injini moja kabisa. Kwa hiyo usifungue boneti la jirani ukaanza kuhesabu, angalia stika iliyobandikwa chini ya boneti lako, ile yenye mchoro wa vakyumu. Kama bado inasomeka ipige picha leo.

Kenista ndiyo ipi?

Ni mkebe mweusi, mara nyingi wa mviringo, umekaa pembeni ndani ya boneti, juu una midomo miwili au mitatu ya mipira. Ndani kuna mkaa, ule wa punje uliotengenezwa maalumu kunasa mvuke. Mpira mmoja unatoka tangini, mwingine (kwa zilizo nao) unatoka kwenye bakuli la kabureta, wa tatu unakwenda kwenye kabureta karibu na kipepeo (kibati kinachofunguka ukikanyaga mafuta). Gari ikilala mvuke unanaswa na mkaa. Ukiwasha na kukanyaga mafuta, injini inavuta hewa kupitia chini ya kenista, hewa inapita kwenye mkaa inaubeba ule mvuke, unachomwa. Yaani petroli ambayo ingepotea hewani unaitumia.

Kitu cha kujua hapa: tundu la kunyonyea limewekwa juu kidogo ya kipepeo makusudi, ili gari ikiwa kwenye sailensi (inazunguka bila kukanyaga mafuta) lisinyonye. Wengi wakihamisha mpira huo wanauchomeka moja kwa moja kwenye manifoldi (bomba la kuingizia hewa na petroli kwenye silinda), matokeo yake sailensi inaruka ruka kila siku na hakuna skrubu ya kabureta itakayoiponya.

Gari inazima yenyewe baada ya mwendo, nikifungua kifuniko cha tangi inavuta hewa "fyuuu", nikiwasha inaenda tena. Nimeshabadilisha pampu.

Pampu haikuwa na kosa. Tangi lako halipumui. Pampu inatoa petroli, hewa haiingii kuziba nafasi yake, ndani kunakuwa na vakyumu mpaka pampu inashindwa kuvuta. Umesimama pembeni ya barabara, unafungua kifuniko, hewa inaingia, unaondoka, baada ya muda inarudia. Hili tatizo limekula hela za watu kuliko yote kwenye orodha hii, maana fundi anabadilisha pampu, halafu filta, halafu anafungua kabureta, na tatizo liko kwenye kipande cha mpira wa shilingi elfu chache.

Sehemu za kuangalia. Kwanza kifuniko chenyewe, cha asili kina valvu ndogo ya kuruhusu hewa kuingia bila kuruhusu mvuke kutoka, ikijaa vumbi na kutu inaganda. Vile vifuniko vya bei rahisi vyenye funguo vingine havina valvu kabisa, kwa hiyo kama tatizo lilianza baada ya kununua kifuniko kipya jibu umelipata. Pili mpira wa mvuke unaotoka tangini: fuata kutoka nyuma mpaka mbele, utakuta umebanwa na waya wa spika au umepindwa pale bodi ilipofungwa upya baada ya kupigwa rangi, au umezibwa kabisa. Njia ninayoikuta mara nyingi ni bolti ya spana namba 10, inaingia pwaa kwenye mpira wa milimita sita, halafu juu yake klipu imekazwa vizuri kabisa, kazi safi ya kuharibu gari. Tatu, mdomo wa chini wa kenista, tope la barabarani linauziba na nyigu wanapenda sana kujenga humo.

Kupima ni bure: endesha mpaka karibu na pale ambapo huwa inazima, simama, fungua kifuniko taratibu. Ikivuta hewa kwa nguvu, tangi halipumui. Ikipumua kwenda nje kwa nguvu, mvuke hauna pa kutokea, hiyo ni njia ya kenista. Kapumzi kadogo kwenye joto ni kawaida usikahangaikie.

Nasikia harufu ya petroli ndani. Nianzie wapi?

Anza na kujiuliza inanuka saa ngapi, hilo peke yake linakupeleka nusu ya safari.

Inanuka ukishajaza tu: ni shingo ya tangi, ule mpira mnene wa kujazia na ule mwembamba wa pembeni yake wa kutoa hewa. Mipira hii ikizeeka inapasuka upande wa chini ambao huuoni, ingiza mkono upapase, vidole vikitoka na unyevu wa petroli au mpira ukiwa unamomonyoka ndio huo.

Inanuka ukishazima gari ya moto: ni bakuli la kabureta. Injini ikizimwa joto lake linapanda juu, petroli iliyoko kwenye bakuli inachemka, mvuke ulitakiwa uende kenista. Hilux za 22R nyingi zina valvu ya umeme kwenye kabureta inayofunga ukiwasha swichi na kufungua ukizima ili mvuke upite. Washa swichi bila kupiga stata, sikiliza "tik" kwenye kabureta. Ila solenoidi ya kukata mafuta (valvu nyingine ya umeme hapohapo) nayo inalia hivyohivyo, kwa hiyo weka kidole juu ya kila moja ujue ipi imelia.

Inanuka asubuhi gari ikiwa imelala: hapo usitafute mvuke, kuna petroli yenyewe inavuja. Gasketi ya pampu, klipu zilizolegea, bomba la chuma chini ya chesisi lililoliwa na kutu (watu wa pwani mnalijua hili), au floti ya kabureta inapitiliza petroli.

Inanuka ukiwa unaendesha vioo viko wazi: kebini inavuta hewa ya nyuma. Angalia raba za milango, raba za sakafu pale nyaya zinapopita, na kama una kanopi yenye kioo cha nyuma kilichofunguliwa moshi wa ekzosi unarudi ndani pia, na huo una kaboni monoksidi, unaua watu bila kelele.

Na tafadhali. Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa, unakaa chini, unatembea sakafuni. Gereji zetu jiko la chai liko hatua chache kutoka kwenye gari linalovuja. Hamisha jiko, au hamisha gari. Usiuvute pia kwa kuzoea, una kemikali ya benzini ndani yake na hiyo inasababisha saratani ya damu.

Ikiwa ya baridi inawaka vizuri, ikiwa ya moto inagoma, mpaka isubiri nusu saa. Kwa nini?

Petroli inaanza kuchemka kwenye nyuzi 35 mpaka 40 hivi za Selisiasi, na chini ya boneti baada ya kupanda mlima Kitonga na mzigo wa mahindi joto linapita hapo mbali. Kuna mambo mawili watu wanayachanganya. La kwanza petroli inachemka kwenye bomba au pampu, pampu inabaki inasukuma mapovu, hapo kabureta ni kavu. La pili petroli inachemka ndani ya bakuli na kumwagikia kwenye manifoldi, hapo injini imelowa, inanuka. Iliyolowa, kanyaga pedeli mpaka chini bila kupampu halafu piga stata, itakohoa moshi mweusi na kuwaka. Iliyokauka hiyo mbinu haisaidii, subiri ipoe, weka kitambaa chenye maji juu ya pampu.

Sasa sababu. Pampu ya 22R iko pale kwenye silinda hedi na ina midomo mitatu: ya kuingiza, ya kupeleka kabureta, na ya kurudisha tangini. Huo wa kurudisha ndio unaofanya petroli izunguke ibaki ya baridi na mapovu yarudi nyumbani. Ukinunua pampu ya midomo miwili kwa sababu ni rahisi, au ukiziba wa tatu, umejitengenezea ugonjwa mwenyewe. Halafu chini ya kabureta kuna kipande kinene cheusi kama plastiki ngumu, kinazuia joto la manifoldi lisipande. Wakati wa ovahoo kinavunjika kinabadilishwa na gasketi ya karatasi. Karatasi haizuii joto.

Angalia pia usichanganye bomba la kurudisha na la mvuke, yote mawili ni membamba na yanalala pamoja kwenye chesisi. Ukiyageuza petroli yenyewe inakwenda kenista. Lile nene ndilo la kuleta petroli, haya mawili yapulize moja moja ujue lipi linaishia wapi kwenye tangi.

Kenista naipimaje bila mashine?

Itoe. Itikise, isisikike maji ndani, ikiwa na petroli imeshalowa, na mkaa uliolowa petroli kwa muda mrefu ndio basi tena. Pulizia mdomo wa tangi kwa kifaa cha upepo kidogo au pampu ya baiskeli (usipulize wala kuvuta kwa mdomo wako), upepo utoke bila kuhangaika kupitia chini. Ukitoka na punje za mkaa, tupa, maana punje hizo zitakwenda kuziba jeti. Usiioshe kwa maji wala petroli hata siku moja.

Gari ikiwa inatetema ikishapata moto, bana kwa koleo mpira wa kunyonyea injini ikiwa inazunguka. Ikitulia, kenista imejaa au valvu yake haifungi. Ikiwa hakuna mabadiliko rudi kwenye kabureta.

Kinachoua kenista mapema ni tabia ya kujaza tangi mpaka petroli ionekane shingoni. Pampu ya kituo ikikata, acha. Ile lita moja na nusu unayosindilia gari ikisimama juani inapanuka, inapita kwenye mpira wa mvuke ikiwa kimiminika, inaulowesha mkaa.

PCV nayo ni nini? Oili inaingia kwenye ea klina.

Ringi za pistoni hata zikiwa mpya zinapitisha gesi kidogo kwenda chini kwenye oili. PCV ni kavalvu kadogo, kwa Toyota nyingi kamechomekwa kwenye raba ya tapeti kava na mpira wake unakwenda manifoldi, kazi yake kunyonya gesi hizo zikachomwe. Kakiziba gesi zinarudi kinyume kwenye ea klina na kubeba oili, zinasukuma na sili ya kreki mpaka inavuja. Watu wanashusha gia boksi kubadilisha sili, kumbe ni kavalvu.

Kachomoe injini ikiwa inazunguka, weka kidole, uhisi kinavutwa. Zima, katikise masikioni, kalie "cha cha". Kakiwa kimya kaoshe na kabureta klina, kakikataa nunua kengine. Ukikakuta kanafanya kazi vizuri na bado oili inaingia ea klina, injini imechoka ringi, hapo tunaongea mambo mengine. Na ile staili ya kushusha mpira chini upumulie barabarani siipendi, injini inanyonya vumbi kinyumenyume ukiizima na oili inageuka matope haraka.

EGR niizibe?

EGR inarudisha kiasi kidogo cha moshi wa ekzosi kwenye manifoldi ili moto ndani ya silinda usipande sana, maana joto likipita sana naitrojeni na oksijeni zinaungana kuwa gesi ya sumu, na hiyo ndiyo inayochangia ule ukungu wa rangi ya kahawia juu ya miji. Haina ubaya kwenye nguvu kama inafanya kazi sawasawa, kwenye sailensi na ukikanyaga mwisho inakuwa imefunga.

Shida yake ni masizi. Ikiganda wazi, gari haishiki sailensi kabisa. Ikiganda imefunga hutajua, labda injini ianze kugonga "kiki kiki" mlimani. Vuta vakyumu kwenye dayaframu yake gari ikiwa sailensi: ikitaka kuzima, ni nzima. Ikiendelea kama hujafanya kitu, ama dayaframu imetoboka ama njia imejaa masizi, fungua ukwangue na bisibisi kuukuu. Mimi naisafisha na kuirudisha. Wanaoziba kwa bati wapo wengi na magari yao yanatembea, lakini taimingi waiangalie upya, isigonge.

Na hivi vidude vingine?

Kwa haraka. Kile kipepeo kwenye mdomo wa ea klina kinachochagua hewa ya moto au ya baridi: pwani hakina kazi sana lakini hakikisha hakijaganda upande wa moto. Njombe au Limuru asubuhi yenye ukungu kiache kifanye kazi, kinazuia kabureta kushika barafu. Ule mpira unaotoka ea klina kwenda ekzosi kupitia mkebe wenye vibati ndani: ukiukuta umeungua au umeyeyuka, vibati vimekufa, moto wa ekzosi unarudi, na ukisikia gari inapiga pa pa ukiachia mafuta kagua hapohapo. Solenoidi ya kukata mafuta: waya wake ukichomoka gari inakosa sailensi kabisa ila ukikanyaga inaenda, kabla hujafungua kabureta angalia waya.

Gari yangu haina katalisti (kile kichujio cha moshi kwenye ekzosi), ilikuwa nayo?

Kama iliuzwa mpya huku, uwezekano mkubwa haikuwa nayo, kwa sababu petroli yetu ilikuwa na risasi na risasi inaua katalisti. Afrika kusini mwa Sahara iliachana na petroli hiyo mwanzoni mwa 2006, na Agosti 2021 UNEP, shirika la mazingira la Umoja wa Mataifa lenye makao yake Nairobi, likatangaza dunia nzima imemaliza, Algeria ikiwa ya mwisho. Kwa hiyo leo ukiifunga haitakufa kwa risasi, ila kabureta inayomwaga mafuta mengi itaiyeyusha. Tengeneza kabureta kwanza.

Nikitoka Mombasa kwenda Nairobi inatoa moshi mweusi na tangi linapumua kwa nguvu. Kuna uhusiano?

Upo. Nairobi iko zaidi ya mita 1,600 juu ya bahari, hewa nyepesi, kabureta inaendelea kumimina kiasi kilekile cha petroli kwa hewa kidogo. Na kwa kuwa hewa ya nje imepungua msukumo, petroli tangini inatoa mvuke zaidi na kenista inapata kazi kubwa. Baadhi ya 22R za Marekani zina kifaa cha kufidia mwinuko, kikebe chenye filta na mipira kadhaa, wengi wameking'oa bila kujua. Kama huna, kabureta iwekwe sawa kwa pale gari inaposhinda siku nyingi, basi.

Ninunue mpira gani?

Wa petroli uwe umeandikwa ubavuni kuwa ni wa mafuta, si wa maji. Mipira ya vakyumu ni myembamba, milimita tatu na nusu hadi nne, usitumie ya dripu ya hospitali, ikipata joto inalainika inajifunga yenyewe na kwa petroli inakuwa ngumu kama kijiti. Nenda na kipande cha zamani Gerezani (Dar) au Grogan (Nairobi) upime kwa macho. Badilisha mmoja mmoja, hakuna kung'oa yote kwa pamoja. Kutafuta unaovuja, nyunyizia maji kidogo kwa chupa injini ikizunguka, mlio ukibadilika ni hapo. Usinyunyizie petroli, nimeona inafanyika.

Niko Marekani nimenunua Toyota ya 1985 ya kabureta, sheria inasemaje?

Huko kung'oa vifaa vya moshi ni kosa la sheria ya nchi nzima, ukaguzi ndio unatofautiana jimbo kwa jimbo. California magari ya petroli ya 1976 na kuendelea yanapimwa, na mkaguzi anaangalia kwa macho kama kenista, EGR na mipira vipo, hata moshi wako ukiwa safi. Ya 1975 kurudi nyuma yamesamehewa. Katalisti ya kubadilisha nayo lazima iwe na namba ya idhini ya jimbo hilo.

Nimefunga kabureta ya Weber 32/36 badala ya ya asili, mipira iliyobaki nifanyeje?

Weber haina mdomo wa kupeleka mvuke wa bakuli kenista, kwa hiyo huo wa kenista uzibe kwa kifuniko cha raba. Wa tangi uache palepale kwenye kenista. Wa kunyonya utafutie tundu lililo juu ya kipepeo, ukikosa kabisa acha kenista ipumue yenyewe kwa muda kuliko kuziba tangi. PCV irudi manifoldi kama ilivyokuwa. Mpira wa kurudisha petroli kwenye pampu usiguse. Na mtu akikuuzia kenista ya skrepa inukie kwanza mdomo wa chini, inayonuka petroli mbichi mrudishie.